Kimia cha futi 8 cha kuvulia shadi Mto Ohio, nimekitumia msimu mzima

Nimesubiri msimu uishe ndo niandike, maana kimia kikiwa kipya kwenye ndoo kila mtu atakisifia, kazi yake unaijua kikishalowa mara mia na kukwaruzwa na mawe. Mi naishi Louisville, Kentucky, huku Marekani, kwetu asili ni Ujiji, na Mto Ohio uko dakika kumi tu kutoka nyumbani kwangu. Hiki kimia, yaani wavu wa duara wa kurusha kwa mkono, nilikinunua mwezi wa nne kwenye duka dogo la chambo lililo njiani kwenda mtoni, dola 68 bila kodi. Niseme mapema kabisa, kwa mtu anayevua kambare kwa chambo cha shadi hii ni hela iliyoenda mahali pake, ila kina kasoro mbili nitazisema.

Kwa ambao hamjui shadi ni samaki gani, mchukulieni kama ndugu wa dagaa. Na si kwa kufananisha tu, kweli wanatoka ukoo mmoja na dagaa na lumbu wa Ziwa Tanganyika. Rangi ya fedha, magamba yanabanduka ukimgusa tu, na chini ya tumbo ana makali kama msumeno. Anayepatikana sana huku ni shadi wa firigisi, na jina halikukosewa, ukimpasua unakuta kifirigisi kigumu kabisa kama cha kuku, ndo anachosagia vijimea na matope anayokula. Alama yake nyingine ni pezi la mgongoni, mwiba wa mwisho umerefuka kama uzi. Kwa sababu chakula chake ni hivyo vidudu na vijimea vidogo vya majini, kwenye ndoana ni nadra sana kumpata, unaweza kukaa na mshipi asubuhi mpaka jioni. Kwahiyo ukitaka shadi unataka kimia, hakuna ujanja.

Sasa kabla ya hiki nilikuwa na kingine cha rahisi, dola 20, nilikitoa kwenye duka kubwa tu la vitu mchanganyiko. Jamani kile kimia kilinitesa. Kilikuwa na risasi chache sana, yaani vile vyuma vya ukingoni vya kukizamisha, kama robo tatu ya pauni kwa kila futi ya urefu wake, ukikirusha kinafunguka vizuri unafurahi, halafu kinaelea kama kanga iliyopeperushwa na upepo, mpaka kifike chini shadi wameshaondoka zamani. Hawa samaki wana mbio sana. Kivuli kikipita tu juu yao kundi zima linakatika kushoto. Nilikuwa narusha mara thelathini napata wanne, watano, na mkono umekufa ganzi.

Hiki cha sasa kina pauni moja na nusu kwa futi, yaani kwa futi zake 8 ni pauni 12 za risasi ukingo mzima, na tofauti unaisikia mara ya kwanza tu. Kinapiga maji kwa sauti moja, pwaa, halafu kimezama. Macho yake, yaani matundu ya wavu, ni nusu inchi, na hapa ndo wengi wanakosea, wanachukua macho madogo wakidhani watapata wengi. Macho madogo yanashika maji kimia kinachelewa kuzama, yanafaa kama unataka vishadi vya urefu wa kidole tu. Na yakiwa makubwa sana kuliko samaki, wanajichomeka vichwa wananasa mashavuni, unakaa saa nzima unawachomoa mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Kwa shadi wa inchi tano mpaka nane, ambao ndo chambo hasa, nusu inchi imekaa sawa. Hizo futi 8 zinapimwa kuanzia kwenye pete ya juu mpaka kwenye risasi, kwahiyo kikifunguka chote ni futi 16 upana. Kama hujawahi kurusha anza na futi 5 au 6, mi nimekulia kwenye haya mambo, baba mdogo alinifundisha nikiwa darasa la tatu, kuning'iniza nusu begani, kipande cha ukingo naking'ata kwa meno, nageuza kiuno ndo naachia. Ukichelewa kufungua meno kimia kinaondoka nayo, alikuwa anasema hivyo kila siku na mpaka leo nikirusha namsikia.

Nilipokipenda kabisa hiki kimia ni asubuhi moja mwezi wa sita. Kuna kijito kinaingilia mtoni upande wa mashariki wa mji, maji yake yametulia, nilifika bado giza giza, ukungu umelala juu ya maji. Ukitulia unawaona, uso wa maji unachezacheza kama mvua ya manyunyu imeanza kunyesha sehemu moja tu, hao ndo shadi wanakula juu. Nikasogea bila kupiga kelele, nikarusha mbele ya kundi sio juu ya kundi, nikahesabu mpaka tatu ndo nikavuta. Kimia kilikuwa kinatetemeka mkononi kabla hata sijakiona. Nikakimwaga kwenye ndoo, arobaini na kitu, mrusho mmoja. Nikakunja nikarudi zangu, siku hiyo sikurusha tena.

Jambo moja la muhimu sana kabla hujajaza ndoo, waangalie samaki wako. Kuna karpu wa kutoka Asia wameingia Mto Ohio na mito mingine mingi ya huku, wanaharibu chakula cha samaki wa asili, na vitoto vyao vinafanana na shadi mpaka unaweza kuapa. Tazama jicho, la karpu limekaa chini sana kichwani, na ule uzi wa pezi la mgongoni hana. Ndo maana Kentucky hawataki uhamishe shadi hai kutoka maji yenye karpu kwenda maji mengine, unawatumia palepale ulipowavua. Na kibali cha uvuvi ukate, na usome masharti ya kimia ya jimbo lako maana vipimo vinatofautiana.

Tuje kwenye chambo chenyewe. Shadi akitoka majini anakufa upesi sana, na kwenye ndoo ya pembe nne anajigonga pua kwenye kona mpaka inakuwa nyekundu, ukitaka kukaa naye hai unahitaji tangi la duara, pampu ya hewa, na chumvi kidogo isiyo na madini joto. Mi sihangaiki na hilo, nawaweka kwenye barafu hapohapo, ila ndani ya mfuko uliofungwa wasiloe yale maji ya barafu, wakiloa nyama inalainika kama uji na ndoana haishiki. Kukata ni hivi, mkia nautupa kwanza kwa sababu ukiuacha chambo kinazunguka kwenye mkondo na kusokota mshipi, halafu kichwa na kipande cha shingo naweka pamoja, pale kwenye damu na utumbo, ndo kipande kambare wa bluu anachokitaka. Ndoana naichomeka puani, ndoana ile ya duara, chubwi ya aunsi nne au tano kutegemea mkondo, nasubiri. Kambare akiuma usishtue fimbo, iache ipinde yenyewe ndo uanze kukunja. Shadi wa leo na shadi wa kwenye friza ni vitu viwili tofauti kabisa, nimejaribu vyote mahali pamoja siku moja, fimbo mbili, ya shadi mbichi ilipigwa mara tano, ya shadi wa friza mara moja. Mwezi wa tisa nilipata kambare wa pauni 22, nikampima nikamrudisha, kwa sababu Mto Ohio una tahadhari rasmi za afya kuhusu kula samaki wake, kambare wakubwa hasa, sumu kama zebaki na PCB, ile kemikali ya viwandani, zinajikusanya kwenye mafuta na nyama yao miaka yote hiyo.

Kupika je? Wazungu wa huku watakwambia shadi wa firigisi haliwi, ni chambo tu. Kule mashariki, mito kama Delaware, kuna shadi mwingine anayepanda kutoka Atlantiki kila masika, huyo wanamheshimu kabisa hasa mayai yake, lakini huyu wetu wanamtupa. Mi nimempika, wa kutoka ziwa la ndani lenye maji safi sio wa mtoni. Miba ni mingi na imesambaa kila mahali hilo ni kweli. Dawa yake ni kuchanja ubavu mistari iliyokaribiana sana, upana wa punje ya mchele, usikate mpaka upande wa pili, kisha chumvi, ndimu, kitunguu saumu, mafuta yawe moto kweli. Miba myembamba inakauka inatafunika kama ya dagaa. Utumbo utoe mapema na lile tando jeusi la ndani ulikwangue lote la sivyo utakula matope. Wakubwa nawatia kwenye presha kuka na ukwaju na nyanya, dakika arobaini na tano, miba inalainika. Mke wangu anasema si mgebuka, yule samaki wetu wa Tanganyika, na ni kweli si mgebuka, lakini na ugali wa moto sahani ilirudi tupu.

Kasoro sasa. Kamba ya mkononi ni nyembamba na ngumu, ikilowa inakata kiganja, nilibadilisha wiki ya pili nikafunga ya pamba. Na mwezi wa saba fundo moja la uzi unaoshika risasi lilifunguka, nikapoteza risasi kama ishirini hivi kwenye mawe kabla sijagundua, ukingo ukabaki na pengo ambalo shadi wanalijua kuliko wewe. Nilikirudisha dukani sio kwa ugomvi, yule mzee mwenye duka akanipa uzi bure na kukaa na mimi nusu saa kunionesha fundo analolitumia yeye. Kwa huduma hiyo nitarudi kwake. Ukinunua kimia kama hiki, siku hiyohiyo kabla hakijalowa pitia mafundo yote kwa vidole, lenye wasiwasi lifunge upya. Na kikiwa kipya nailoni ni ngumu, kiloweke usiku mmoja kwenye maji yenye dawa ya kulainishia nguo, kisuuze sana, kianike kivulini, jua linaiua nailoni.

Nakipa nyota nne. Cha futi 10 kipo pia dukani, nilikishika, ni kizito, mi kwenye kijito changu sikihitaji.