Sanamu ghafi ya Baba Krismasi: ipi ya kununua Mombasa

Ukienda kununua sanamu ghafi ya kuchonga, tazama pua kwanza, kabla ya kuuliza mti, urefu au bei. Kama fundi amekwisha kuusawazisha uso ukawa bapa, iache mezani. Pua ndiyo inayotokeza kuliko kitu chochote usoni, na mti ukishaondolewa haurudi. Uso mzuri wa kuanzia una pembe, kama kona ya sanduku iliyoelekezwa kwako: ncha ya ile pembe ndiyo pua, na mashavu yanashuka kulia na kushoto. Mafundi husema uso ubakishwe nyama.

Sanamu ghafi ni gogo lililopunguzwa kwa tezo au mashine mpaka umbo likaonekana kwa mbali: kofia, mabega, tumbo, joho. Macho, ndevu na mikunjo ya nguo anaachiwa mnunuzi. Marekani wapenzi wa kuchonga hununua zilizokatwa kwa mashine, zote sawasawa, kila mtu akachonga yake, kisha zikapangwa meza moja zilinganishwe. Sisi tuko saba, tunakutana Jumamosi jioni barazani kwa mwenzetu Mikindani, na mchezo wetu ni huohuo. Mwaka wa kwanza kila mmoja alijinunulia alikotaka: huyu mwembe, yule mwarobaini, mwingine kipande cha paini kutoka duka la mbao. Siku ya kuzipanga tukajikuta tunalinganisha miti badala ya mikono. Kwa hiyo nunueni pamoja, kwa fundi mmoja, na kama mnaweza kutoka gogo moja.

Kwa Mombasa, pa kuanzia ni Changamwe, kwenye ushirika wa Akamba Handicraft, ulioanza mwaka 1963. Sanamu kupita mikononi mwa watu kadhaa si jambo geni kwa wachongaji hawa. Mmoja hukata kwa tezo, mwingine hupiga msasa, mwingine hupaka rangi. Ukiomba iliyoishia kwenye tezo utaeleweka mara moja. Tatizo ni kwamba wamezoea twiga, kifaru na Mmasai, na Baba Krismasi wa kwenye matangazo, mwenye mkanda na tumbo, huwatoka ovyo. Nilihangaika na picha ya simu mpaka mzee mmoja pale akaniambia, "Mwanangu, weka simu. Niambie kwa mdomo amevaa nini." Nikamwambia: mzee wa kanzu ndefu na kofia iliyochongoka, ndevu mpaka kifuani, mfuko mgongoni, mikono ameificha ndani ya mikono ya nguo. Akachukua tezo. Alichonipa ndiyo sanamu bora niliyowahi kununua, na ukifikiri vizuri hata asili ya Baba Krismasi ni hiyo: Mtakatifu Nikolasi, aliyezaa hadithi yake, alikuwa askofu wa Myra, Uturuki ya leo, katika karne ya 4, na askofu huvaa joho refu. Agizeni huyo wa kanzu. Mikono iliyojificha haivunjiki. Ukimwagiza aliyenyoosha mkono kushika taa, nyuzi za mti zitapita kwa upana wa mkono, na utakatika siku unayochonga vidole. Nyuzi zote ziende wima, kutoka kofia hadi viatu.

Urefu wa sentimita 15 unatosha. Ikiwa fupi zaidi, macho yanakuwa madogo kuliko ncha ya kisu cha mtu anayeanza.

Sasa miti, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni jakaranda, na hakuna mwingine unaoikaribia. Ni nyeupe ya maziwa, laini kiasi cha kukubali kisu cha mkononi bila nyundo, na nyuzi zake hazina ubishi. Weupe huo ni faida kubwa kwa Baba Krismasi, maana ndevu unaziacha bila rangi kabisa. Mti huu hupandwa sana bara, kwa hiyo huku Pwani usitarajie kuukuta kila siku, agiza mapema.

Ya pili mwembe. Unapatikana kila mahali, hasa mwembe mzee uliochoka kuzaa, na bei yake ni nyepesi. Rangi yake ya asali inapendeza kwenye joho. Ila mwembe una adui wawili. Wa kwanza ni ukungu unaoacha michirizi ya kijivu, wa pili ni vidudu. Geuza sanamu, itazame miguuni. Ukiona vitundu mithili ya tundu la sindano na unga laini kama wa ngano ukidondoka ukiigonga, usiingize nyumbani kwako hata kwa kupewa bure.

Tatu, mwarobaini. Umejaa Pwani nzima, na watetezi wa misitu wamekuwa wakiwahimiza wachongaji wautumie pamoja na mwembe na jakaranda badala ya miti ya asili iliyokatwa ikaadimika. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini kwa mkono mgeni ni mgumu: nyuzi zake hupishana, upande huu zinapanda, ule zinashuka, na kisu kinachoteleza vizuri shavu la kulia kinang'oa kipande shavu la kushoto. Vumbi lake ni chungu na hukamata koo, kwa hiyo vaa barakoa ukipiga msasa. Aliyechonga sanamu tatu au nne ataufurahia, kwa kuwa unashika mistari midogo ya ndevu bila kumeguka.

Nne ni kuagiza kutoka nje zile za mti wa Tilia wanazotumia Wamarekani. Kwa kuchonga, mti huo ni mtamu kuliko hata jakaranda. Nimeuweka hapa chini kwa sababu ya gharama ya usafiri na ushuru juu ya kitu cha ukubwa wa kiganja, na kwa sababu mti mzuri tunao.

Mgrevilia na paini sizipendekezi. Hupasuka vijiti vijiti, na paini ina mikanda laini na migumu inayopokezana.

Juu ya kuchagua mti kuna jambo moja lililotuumiza kuliko yote, nalo ni ubichi. Mwenzetu wa mwembe alichonga wiki tatu. Uso ulikuwa umetoka vizuri kabisa, hata kunyanzi za macho alizipata. Usiku akaiweka mezani mbele ya feni. Asubuhi ufa ulikuwa umeanzia ncha ya kofia, ukapita katikati ya jicho la kushoto mpaka tumboni, mpana wa kuingiza sarafu. Hakuichonga tena, na sikumlaumu.

Ufa ule una sababu. Mti ukikauka husinyaa zaidi kufuata duara la gogo kuliko kuelekea katikati, kwa hiyo gogo lenye kiini ndani yake lazima lijipasue mahali fulani. Tazama chini ya miguu ya sanamu: ukiona kile kidoti cha katikati ambacho pete zote zinakizunguka, rudisha, uombe iliyopasuliwa kutoka ubavu wa gogo. Kisha iguse shavuni mwako. Mti mbichi una ubaridi, na ni mzito kuliko ukubwa wake. Kwa uhakika zaidi tumia mizani ya jikoni: ipime kila asubuhi, uandike. Gramu zikiendelea kushuka, iache kivulini, mbali na feni na jua, umeipaka nta ya mshumaa kofiani na miguuni ambako maji hutoka haraka zaidi. Zikisimama wiki nzima, chukua kisu. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, kwa hiyo msitarajie mti kukauka hapa kama Machakos. Ninunuapo ya Desemba, nainunua Agosti.

Vifaa sitavirefusha. Kisu kimoja kifupi kikali, patasi ndogo yenye mdomo wa V kwa ajili ya ndevu, kinoo, glovu nzito ya mkono unaoshika sanamu, msasa namba 120 na 220. Pesa iliyobaki nunua sanamu ya pili, maana ya kwanza ni ya kujifunza uso.

Kuhusu bei, patana kwa jumla. Saba kwa mkupuo mmoja zina nafuu ambayo moja moja haina, na fundi naye anafurahi kukata gogo zima. Lakini usimkandamize. Kazi ya tezo anayokufanyia kwa dakika chache ni miaka ya mkono wake.

Nimeacha mpingo na muhugu mwisho. Ni miti ya kukua polepole mno, na mpingo, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, uko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Ni mgumu, huzama majini, hula makali ya kisu kila baada ya dakika chache. Usinunue mpya. Lakini mmoja wetu alirithi kipande kutoka kwa babake, na mpingo una tabia hii: moyo wake mweusi, ganda la ndani ya gome ni jeupe kama siagi. Amelipanga gogo hivi kwamba joho lote liko kwenye weusi, na ule mkanda mweupe umeangukia kifuani. Huu ni mwaka wa pili anachonga, milimita kwa milimita, na ndevu zimeanza kuonekana.