Amplifaya ya valvu ya zamani: ipi ununue ukiwa Uganda

Kabla hujatazama picha za amplifaya za gitaa za miaka ya 1960 na 1970 na kuanza kuhesabu pesa, tazama soketi iliyo ukutani kwako. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Jina linalong'aa mbele ya sanduku linapendeza, lakini kinachoamua kama mashine itakuhudumia miaka kumi au itazimika kwenye harusi ya tatu ni transfoma yake, na kama transfoma hiyo ilizungushwa kwa umeme huu au kwa umeme wa kwingine. Valvu (taa za kioo zinazokuza sauti), kapasita, risista, hata spika, vyote vinabadilishika kwa uangalifu bila mashine kupoteza sauti yake. Transfoma ya asili ikiungua, imeondoka na nusu ya ulichonunua.

Nililijua hilo kwa gharama. Amplifaya yangu ya kwanza ilitoka Marekani, ya volti 117. Duka moja la Kampala likaniuzia kishusha-umeme chenye kibandiko cha wati 500, chepesi kuliko pasi. Kiliungua kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho) moja huko Mukono, wageni wakiwa ndiyo kwanza wanasalimiana. Vishusha-umeme vingi vya bei nafuu vina waya mmoja tu uliozungushwa mfululizo, si nyaya mbili zilizotenganishwa. Kipande cha chini cha waya huo kikikatika, volti 240 zinapita hadi kwenye amplifaya. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi mmoja mzee wa Katwe, aliyejifunza kazi kwenye redio za valvu, aliifungua, akanusa, akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, taa zote nzima," akasema. "Aliyekufa ni mama yao."

Kwa hiyo mpangilio wangu hapa unaanza na umeme, kisha sauti, kisha bei.

Nafasi ya kwanza nawapa Waingereza wadogo, wenye wati 15 hadi 20. Zilitengenezwa kwa volti 240 na hezi 50, na plagi yao ya leo ya pini tatu bapa ndiyo plagi yetu. Hakuna kishusha-umeme, hakuna transfoma inayochemka kwa sababu ya hezi zisizo zake. Vox AC15 na Marshall za wati 18 zinajulikana na bei zake zimepanda kwa sababu hiyo. Mimi ningetafuta Watkins Dominator au Selmer ndogo, kwa kuwa mara nyingi unalipa kidogo zaidi kwa kazi ya kiwango hicho hicho. Nyingi za ukubwa huu hutumia valvu mbili za EL84 mwishoni. Valvu hiyo ilijaa kwenye redio na gramafoni za Ulaya, hivyo fundi wa redio mwenye umri anaifahamu, na bado inatengenezwa Slovakia na Urusi. Ukubwa usikutie wasiwasi. Wati 15 za valvu zikiwekewa maikrofoni mbele ya spika zinatosha kanisa, ukumbi au uwanja, kwa sababu kazi ya kufikia watu wa nyuma ni ya mitambo ya ukumbi. Kabla ya kuwasha angalia kiteuzi cha volti kilicho nyuma. Amplifaya iliyowahi kusafiri na bendi inaweza kuwa imeachwa kwenye 110.

Nafasi ya pili itawashangaza wengi: amplifaya ya matangazo ya valvu iliyosahaulika stoo. Waulize walinzi wa stoo za parokia za zamani, shule za bweni na hoteli. Mimi nimepata mbili hivyo, moja ikiwa chini ya magunia ya maharage huko Tororo. Zilikuja zikiwa tayari za volti 220 au 240, na transfoma zake ni nzito, kwa sababu zilikusudiwa kuwaka kutwa nzima. Zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, nyingi zilitoa sauti kwa laini ya volti 100, kwa ajili ya spika nyingi zilizotapakaa uani. Spika ya gitaa ya ohmu 8 haifungwi hapo, kwa hiyo tafuta nyuma kama kuna pia matokeo ya ohmu 4, 8 au 16. Kama hayapo, hesabu bei ya transfoma nyingine ya spika kabla hujakubaliana. Pili, mlango wake wa maikrofoni haukutengenezwa kwa gitaa, na fundi atalazimika kubadilisha risista chache mwanzoni. Sauti yake ni ya kukwaruza kidogo, yenye joto. Kwa anayepiga ridhimu ni hazina.

Ya tatu ni Fender Deluxe Reverb, na hapa moyo wangu unabishana na kichwa changu. Ilianza kutengenezwa mwaka 1963: wati 22, valvu mbili za 6V6, spika moja ya inchi 12, mwangwi wa springi. Kwa sebene sijasikia inayoishinda. Nyuzi nyembamba zinatoka safi na tamu, kila noti imesimama peke yake, na ukikaza mkono inaanza kulia kidogo bila kuchafuka. Ingekuwa ya kwanza kama tungekuwa na umeme wa Marekani, wa hezi 60. Transfoma ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 kwa volti zilezile, chuma chake hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20, na ziada hiyo inatoka kama joto. Zipo zilizotengenezwa kwa soko la nje zikiwa na uchaguzi wa volti; hizo zikionekana, usilale. Ukipata ya kawaida, shauri langu ni kuweka transfoma mpya ya volti 240, hezi 50, na kuihifadhi ya asili ikiwa imefungwa kwa plastiki. Kama utatumia kishusha-umeme, kiwe cha nyaya mbili zilizotenganishwa, kizito, cha wati 300 za kweli au zaidi.

Usikimbilie zenye uso mweusi, yaani paneli nyeusi ya vitufe mbele. Kampuni ya CBS iliinunua Fender mwaka 1965, uso wa fedha ukaja 1968, na kwa miaka hiyo ya mwanzo tofauti ya ndani ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Mwambie muuzaji apige picha ya namba zilizogongwa kwenye transfoma. Ikianza na 606, ni Schumacher, waliokuwa wakiitengenezea Fender. Tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwenye spika, 220 ni Jensen na 465 ni Oxford. Tarehe za transfoma zikipishana kwa miaka mingi, moja imebadilishwa, na bei ishuke.

Fender Champ naiweka ya nne kwa jukwaani, lakini kwa anayetaka kujifunza kutengeneza iwe ya kwanza. Ile ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ina valvu tatu tu, spika ya inchi 8, wati kama 5. Unaweza kufuata kila waya kwa kidole.

Mwisho kabisa: Twin Reverb na Vox AC30. Ni mashine kubwa kweli, lakini zina kilo kama 30, hazipandi boda boda, zinakula valvu nne za nguvu kwa mkupuo, na AC30 huchemka sana hata kwenye nchi za baridi. Nunua moja kama ina mahali pake pa kudumu, studio au kanisa.

Ukiagiza kutoka nje, msisitizie muuzaji achomoe valvu na kuzifunga peke yake, na sanduku liwekwe ndani ya sanduku jingine. Transfoma nzito huning'inia kwenye chasi na pigo moja la uwanja wa ndege huikunja. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kulipa. VAT peke yake ni asilimia 18, na kuna tozo nyingine juu yake. Ukinunua hapa hapa, gonga mbao za sanduku kwa kidole. Mchwa wa kwetu hula kuanzia ndani na kuacha kitambaa cha nje kikiwa kizuri.

Sasa imefika nyumbani. Usiichomeke. Najua hamu ilivyo, lakini kapasita kubwa zilizokaa miaka 40 bila umeme zinaweza kupasuka au kuiua transfoma ndani ya dakika moja.

Ndani ya hizi mashine kuna volti 300 hadi 500, na zinabaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa mkononi mwako. Zinaua. Fundi anayejua huzimwaga kwanza kupitia risista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5, kisha anapima kwa mita mpaka aone karibu na sifuri, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Kama hujawahi kufanya hivyo, kaa pembeni na umwachie aliyewahi. Mtafute aliyetengeneza redio za valvu, hata kama leo anauza chaja.

Kazi ya kwanza ni waya wa umeme. Mashine za Marekani za zamani zilikuja na waya wa pini mbili na kapasita ndogo inayounganisha umeme na chasi. Ikivuja, nyuzi za gitaa lako zinakuwa na umeme na maikrofoni inakupiga mdomoni. Kapasita hiyo itolewe, uwekwe waya wa nyaya tatu wenye ethi. Halafu hakikisha ethi ipo kweli kwenye soketi, maana kumbi nyingi nilizopiga zina tundu la tatu lisilokwenda popote.

Pili ni zile kapasita kubwa, zote, kwa volti sawa au zaidi ya za asili. Hapa ndipo mngurumo unapoondoka. Kisha fundi apime kapasita ndogo zinazopeleka sauti kutoka valvu hadi valvu. Inayovujisha umeme ibadilishwe, nzima iachwe. Nimeona mashine ya Uingereza iliyong'olewa kapasita zote za njano za Mullard, nzima kabisa, ikawekewa mpya za dukani. Ilirudi ikiwa kimya, safi, na haikuwa yenyewe tena.

Kuiwasha mara ya kwanza, weka balbu ya waya ya wati 60 au 100 kwenye njia ya umeme, si ya LED. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mahali umeme umekutana, zima. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Spika iwe imefungwa wakati wote, kwani bila spika transfoma ya kutolea sauti inaweza kufa.

Valvu ziwe za mwisho, ingawa wengi huanza nazo. Ndogo za mwanzo, ECC83, hudumu miaka mingi sana. Za nguvu zikibadilishwa kwenye mashine kama Deluxe Reverb, fundi apime bayasi (mkondo wa valvu zikiwa kimya) upya.

Kwa sherehe za nje beba mita. Filamenti za valvu hizi, yaani nyuzi zinazozipasha joto ndani, zinataka volti 6.3. Muulize fundi akutolee nyaya mbili ndogo nyuma za kupimia, kisha upime hapo huku jenereta ikinguruma na taa zote za hema zimewaka. Ikizidi 6.9, zima mashine na umtafute mwenye jenereta kabla hujagusa gitaa.