Mashine ya kutotolesha mayai ya geko: tathmini baada ya msimu mmoja

Mwezi wa pili mwaka jana nilinunua, kwa paundi 95, mashine ndogo ya umeme ya kutotolesha mayai, nikiikusudia kwa geko chui ninaowafuga hapa Uingereza. Huyu ni mjusi wa manjano mwenye madoa meusi, ambaye asili yake ni maeneo makavu ya Afganistani, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India. Katika mayai manane ya kwanza sikupata mtoto hata mmoja, nikaandika barua ndefu ya kudai nirudishiwe fedha zangu. Barua hiyo haikutumwa, kwa kuwa nilipoyachunguza mayai yale moja baada ya jingine nilibaini kuwa sita kati yake yalikuwa viza tangu siku yalipotagwa, na hakuna mashine duniani inayoweza kulitia uhai yai ambalo halikurutubishwa. Mawili yaliyobaki, hata hivyo, yalifia humo, na kwa hayo mashine ina lake la kujibu. Jina la kampuni iliyoitengeneza nitaliacha.

Kwa umbo ni sanduku la plastiki lenye rafu mbili, mlango wa kioo, themostati (kidhibiti joto), feni ndogo na tochi ya LED ya kupimia mayai. Mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku ataitambua mara moja, kwa sababu ni mashine ya vifaranga iliyobadilishwa jina tu, na hata trei inayogeuza mayai yenyewe kila baada ya saa chache imeachwa mahali pake. Kwa yai la kuku trei hiyo ni msaada, kwani hata mtetea huyageuza mayai yake anapoyaatamia. Kwa yai la geko ni hatari, maana kiinitete chake hujishikiza upande wa juu, ndani ya ganda, muda mfupi baada ya kutagwa, na yai likipinduliwa baada ya hapo kinaweza kufa. Niliifungua trei kwa skrubu nne nikaiweka kabatini kabla sijaingiza yai lolote, ingawa kitabu cha maelezo kinasisitiza kwamba isiondolewe. Tangu hapo huweka alama ya penseli juu ya kila yai ninapolitoa kwenye boksi la kutagia, ili likae vilevile hadi mwisho.

Kitu bora kuliko vyote katika kifurushi hiki, kwa maoni yangu, ni ile tochi. Inatoa mwanga mkali usio na joto, na kichwa chake ni chembamba kiasi cha kugusa ubavu wa yai bila kulisogeza. Nilizima taa za chumba, nikayapima mayai siku ya 10 na tena siku ya 17. Yai lenye uhai huonyesha wekundu na mishipa midogo ya damu inayotandaa kama mizizi, na ganda lake kwa nje huwa jeupe kama chokaa na hukaza. Yai viza hung'aa manjano matupu toka upande mmoja hadi mwingine, hubaki laini, kisha huanza kunywea na kuota ukungu. Muuzaji dukani alinishauri nitupe kila yai lisiloonyesha wekundu ndani ya wiki moja, ushauri ambao nashukuru sikuufuata, kwani mojawapo ya mayai yaliyokuja kuwa mazuri lilikuwa bado halijaonyesha mshipa wowote siku ya nane.

Kunywea peke yake si ushahidi, na hapo ndipo nilipojichanganya kwa muda mrefu. Yai zima likikosa unyevu hubonyea pia, lakini ukidondosha maji kidogo pembeni, kwenye vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu, ambamo mayai hulazwa) na si juu ya ganda, hujaa tena baada ya siku moja au mbili, wakati viza hubaki limebonyea. Karibu na kuanguliwa, yai zuri hutoa jasho na kulegea, jambo ambalo halipaswi kumtia mtu wasiwasi.

Kati ya viza sita, manne yalitoka kwa jike mkubwa na mawili kwa jike mdogo. Shaka yangu ya kwanza ilikuwa juu ya dume, mpaka nilipokumbuka kwamba uzao wa pili wa jike mdogo ulikuwa na mishipa ya damu, na dume alikuwa ni yuleyule mmoja. Jike mdogo nilikuwa nimemharakisha: alikuwa na gramu 43, ilhali wafugaji wengi husubiri afikie 45 hadi 50, tena mayai ya kwanza ya jike anayeanza kutaga mara nyingi huwa viza. Jike mkubwa, nilipomkagua, hakuwa na alama yoyote shingoni, mahali ambapo dume humng'ata wakati wa kupanda. Niliwaacha pamoja usiku mmoja nikalala, nikadhani mambo yamekwisha, kumbe hawakugusana. Na kwa kuwa jike wa geko hutaga hata bila dume, mayai yake yalinidanganya. Mara ya pili nilikaa nikawatazama. Dume alitikisa ncha ya mkia kwa kasi, jike akatulia, na baada ya wiki nne hivi nikapata mayai mawili meupe, magumu. Haikuwa lazima kumrudisha dume kila mara, kwani jike huweza kuhifadhi mbegu na kurutubishia mayai ya mizao inayofuata.

Sasa nirudi kwenye mawili yaliyokufa. Yote yalikuwa rafu ya juu. Nilipoweka vipimajoto viwili vya pembeni, niliona kwamba skrini ya mashine ikisoma nyuzi 28, rafu ya chini ina 28 kweli, lakini ya juu, iliyo karibu na kipashajoto, inafika 31. Nyuzi 31 pekee haziui, ila feni inapuliza moja kwa moja juu ya rafu hiyo, na kikasha changu cha mayai chenye matundu makubwa kilikauka mpaka vemikulaiti ikawa vumbi. Kasoro hii ina athari nyingine ambayo mfugaji wa kuku hatainung'unikia: jinsia ya geko chui huamuliwa na joto la kuangulia. Kwenye nyuzi 26 hadi 28 wengi hutoka majike, na karibu na 32 au 33 wengi hutoka madume, kwa hiyo rafu mbili zinazotofautiana nyuzi tatu huweza kuvuruga mpango wa msimu mzima bila mtu kujua.

Nilihamishia kila kitu rafu ya chini, nikatumia vikasha vyenye kifuniko na tundu moja moja, nikachanganya vemikulaiti na maji kwa uzito sawa, na kuamini kipimajoto changu badala ya skrini ya mashine. Mayai kumi yaliyoingia baada ya hapo yalitoa watoto tisa, wa kwanza akitoka siku ya 54. Lile la kumi lilikuwa viza, na tochi ilikwisha kuniambia hivyo wiki ya pili.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Themostati haikuyumba msimu mzima na mlango wa kioo unaniwezesha kutazama bila kupoteza joto, lakini nafasi inayotumika ni nusu tu ya ile niliyoilipia. Nyota ya nne nitaiongeza siku watakapoukata kitabuni ukurasa unaoagiza mayai ya mijusi yageuzwe mara sita kwa siku.