Kupanda Copolia, Mahé: mlima mfupi, mengi ya kuona

Wengi wakifika Shelisheli huishia ufukweni. Ukiwa Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, tenga asubuhi moja upande Copolia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Morne Seychellois. Kilele kirefu zaidi cha hifadhi kina mita 905, ila Copolia haifiki 500. Ukiwa na afya ya kawaida unapanda bila shida.

Njia inaanzia barabara ya Sans Souci, juu ya mji wa Victoria. Msitu umefunga, kuna ubaridi, na kuna midalasini kila upande. Hiyo si miti ya asili ya pale. Ililetwa enzi za Wafaransa, ikasambaa hadi kuisonga miti ya kienyeji. Tega sikio kwenye majani makavu: ule mlio mwembamba, kama wa mdudu, ni wa chura wa Gardiner. Ana urefu wa sentimita moja hivi na hana ngoma ya sikio. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kinywa ndicho kinachomsaidia kusikia. Nilimtafuta sana nisimwone, lakini sauti yake ilinifurahisha mno.

Juu, msitu unakatika ghafla na unatokea kwenye mwamba mpana wa itale. Watu hukimbilia kutazama Victoria na bahari. Mimi nasema angalia kwanza miguuni pako. Pale unatambaa mmea ulao wadudu, Nepenthes pervillei, ambao duniani kote unaota kwenye visiwa vya Mahé na Silhouette tu. Majani yake yanaishia kwenye vikombe vyenye kifuniko. Niliinamia kimoja nikakuta sisimizi wanaelea ndani. Wanameng'enywa humo, na mmea unapata lishe ambayo mwamba hauna. Tafadhali usitie kidole wala usiukanyage. Niliona watu wakiupita juu wakitafuta pa kupigia picha, na iliniuma kweli.

Mvua ikinyesha mwamba unateleza vibaya, kwa hiyo vaa viatu vinavyoshika. Beba maji na kofia, maana kileleni hakuna kivuli.

Mkishuka, endeleeni na barabara hiyohiyo hadi mahali paitwapo Mission. Pana magofu ya Venn's Town, shule ya wamisionari wa Kianglikana ya miaka ya 1870, walikosomeshwa watoto wa watumwa waliookolewa kutoka majahazini kwenye pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Msafiri wa kutoka huku asipapite bila kusimama.