Programu ya kutuma pesa: nzuri machoni, lakini…

Nilikuwa mtu wa menyu ya zamani, ile ya kubonyeza nyota na kujibu 1, 2, 3, mpaka kijana wa kabini, kibanda cha kutuma pesa, hapa Katuba mjini Lubumbashi aliponiwekea programu mpya. Kuifungua tu: kijani cha sombe mbichi, herufi laini, salio linajitokeza kama pazia linafunguliwa. Jioni nikawatangazia watu wa nyumbani kwamba ni rahisi ajabu. Sikuwa nimetuma hata franka moja.

Mwezi wa pili nikamtumia mdogo wangu wa Likasi dola 100 za minervali, yaani ada ya shule, ya watoto. Akapiga simu: “Yaya, franka 100 hizi ni za nini? Hata pipi hazinunui!”

Lubumbashi tunahesabu kwa franka na kwa dola siku hiyo hiyo, sokoni hapo hapo. Programu hii imeficha sarafu pembeni kule juu, kwa maandishi madogo ya kijivu kwenye weupe, na ukiifunga na kuifungua inarudi kwenye franka. Menyu ya zamani, pamoja na sura yake mbaya, inakuuliza kwanza: franka au dola?

Nimekosea hivyo mara tatu. (Ya tatu ilihusu kodi ya nyumba, tuiache.) Kinachonishangaza ni kwamba mara zote nililaumu macho yangu na haraka zangu. Menyu ya zamani ikikwama kidogo tu, naitukana mpaka mtandao wenyewe.

Binamu yangu anayesomea informatiki alicheka. Akanieleza kwamba mwaka 1995 Wajapani wawili wa Hitachi, Kurosu na Kashimura, waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini za mashine za kutolea pesa benki. Walichokiita rahisi kilifuatana zaidi na uzuri wa sura kuliko na urahisi wenyewe. Noam Tractinsky wa Israeli akadhani hayo ni ya Wajapani, watu wanaopenda vitu vya kupendeza. Akarudia jaribio kwao, na matokeo yakatoka na nguvu zaidi. Sasa mimi wa Katuba ningeponea wapi?

Sijaifuta. Salio naliangalia humo, kwa raha kabisa. Kutuma, nimerudi kwenye nyota yangu ya zamani. Programu naipa nyota 2 kati ya 5, na moja ni ya rangi.