Oedipus na Orestes: nani kabeba hatia nzito zaidi uhamishoni?

Wahusika hawa wawili wa tamthilia za kale za Kigiriki wote wamemwaga damu ya mzazi, na wote wanaishia kutangatanga mbali na kwao. Orestes, katika tamthilia tatu za mwandishi Aeschylus za mwaka 458 KK, anajua fika anachofanya. Mama yake Clytemnestra anamwonyesha titi lililomnyonyesha. Anasita kidogo, kisha anamuua, kama mungu Apollo alivyoamuru. Miungu wa kisasi wanamwandama hadi Athens. Huko anashtakiwa mahakamani: kura zinalingana, mungu wa kike Athena anamwachia, naye anarudi zake kwao Argos.

Oedipus wa mwandishi Sophocles hana mahakama. Alimuua baba yake njia panda bila kumjua, akamwoa mama yake. Ukweli ulipofichuka alijitoboa macho kwa vishikizo vya vazi la mkewe aliyejinyonga, akaomba mwenyewe afukuzwe mjini kwake Thebes. Kwangu mimi, huyu ndiye mwenye mzigo mzito, maana hakuna wa kumfutia hatia. Anafia ugenini Colonus, na hata binti zake hawaonyeshwi kaburi. Ila uzeeni amekuwa mbishi kwelikweli: sikujua, kwa hiyo kosa langu liko wapi? Hoja hiyo Orestes hana. Yeye ana Apollo tu wa kumtetea.