Itikadi au maslahi: kipi kinaiongoza Marekani?

Katika kijiwe cha kahawa hapa Ujiji, kashata zikiwa zimebaki vipande viwili kwenye sahani, swali hili huzuka kila mara. Kwa kipimo cha kueleza yaliyopita, maslahi yana nguvu hasa ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, kwani urani, madini ya nyuklia, ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Lakini mwaka 1965, mwanamapinduzi wa kikomunisti Che Guevara alipovuka ziwa kutokea Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, Marekani ilikuwa upande wa serikali ikiuhofia ukomunisti. Hapo madini na itikadi vilichanganyika kiasi kwamba kuvitenganisha ni kazi.

Kwa kipimo cha kutabiri, itikadi iliteleza Rais Nixon wa Marekani alipomtembelea Mao, kiongozi wa China ya kikomunisti, mwaka 1972. Maslahi nayo hukwama Cuba, ambako vikwazo vya Marekani vya 1962 viliendelea hata baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, ingawa kura za Wakuba waliohamia jimbo la Florida, nadhani, zina mkono wake.

Anayefuatilia biashara ya madini na aanze na maslahi. Anayetaka kuelewa jinsi wapiga kura wa huko wanavyoshawishiwa, itikadi itamfaa zaidi.